Sungura wa wiki sita alishwe nini ili tumbo lake litulie?

Swali: "Shikamoo daktari. Ninaishi Rau, Moshi. Mume wangu alimnunulia binti yetu sungura wawili wadogo kutoka kwa mfugaji wa Kibosho, tukaambiwa wana wiki sita. Mmoja alianza kuharisha baada ya siku chache, akafa usiku uleule. Aliyebaki anakula na kurukaruka, lakini tangu juzi kinyesi chake ni laini na kinaganda kwenye manyoya ya nyuma. Tunampa kabichi, karoti, mkate, ugali kidogo na pumba tunazowapa kuku. Maji hatumpi, kwa sababu aliyetuuzia alisema sungura akinywa maji anakufa. Tumlishe nini ili huyu naye asife?"

Marahaba, dada yangu, na poleni kwa kumpoteza yule wa kwanza. Mpe pole binti yako pia, kwa kuwa mtoto aliyemlisha mnyama kwa mkono wake mwenyewe ana huzuni ya kweli anapomkosa, na si vizuri aambiwe kwamba huyo alikuwa sungura tu.

Kabla sijaingia katika lishe, lipo jambo la leo. Mwangalie sungura wako sasa hivi. Ikiwa kinyesi kimekuwa maji, au kina ute kama kamasi, au kina damu, au mnyama mwenyewe amejikunyata pembeni, anasaga meno, tumbo limevimba na hataki kula, basi usingoje kumaliza kusoma jibu hili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, kwa sababu sungura wa umri huo anaweza kufa ndani ya siku moja tangu aanze kuharisha maji, kama mlivyoona kwa mwenzake. Ikiwa kinyesi ni laini tu na bado anakula kwa hamu, ondoa mara moja mkate, ugali, pumba, kabichi na karoti, mwekee nyasi kavu nyingi pamoja na maji safi, na umchunguze asubuhi, mchana na jioni. Manyoya yaliyochafuka yafute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kisha uyakaushe kabisa, kwani nzi hupenda kutaga mayai mahali palipochafuka, na funza wanaotokana na mayai hayo humwingia sungura kwenye ngozi akiwa hai. Usimtumbukize mwili mzima ndani ya maji.

Sasa nieleze kwa nini tumbo lake limefika hapo, maana ukiujua mwendo wa tumbo la sungura, mengi ya kulisha utaweza kuyaamua mwenyewe bila kuuliza.

Sungura wote wa kufugwa, wawe weupe wa macho mekundu au wa kijivu, wanatokana na sungura pori wa Ulaya, ambaye asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Mnyama huyo aliishi kwa kula nyasi ngumu zenye virutubisho vichache, na mwili wake ukaumbika kwa kazi hiyo. Mahali ambapo utumbo mwembamba unakutana na utumbo mpana, sungura ana mfuko mkubwa unaoitwa sekamu, ambao ujazo wake ni mara kadhaa ya ujazo wa tumbo lenyewe. Ndani ya sekamu wanaishi bakteria wengi sana wanaochachusha chakula ambacho mwili wa sungura pekee usingeweza kukimeng'enya. Utumbo mpana nao hufanya kazi ya kuchambua: vipande vigumu vya nyuzinyuzi husukumwa mbele haraka na kutoka kama vidonge vikavu vya mviringo, wakati chembe laini na majimaji hurudishwa nyuma ndani ya sekamu ili zichachushwe. Baada ya saa kadhaa, yale yaliyochachushwa hutoka kama mafungu madogo laini, yanayong'aa na yenye harufu kali, nayo sungura huinama akayala moja kwa moja kutoka kwenye tundu la nyuma, mara nyingi usiku au alfajiri. Humo hupata protini na vitamini za kundi B na vitamini K. Kwa hiyo ukimwona binti yako anashangaa kwamba sungura "anakula mavi", mweleze kwamba hicho ni chakula chake cha pili na asizuiwe.

Hapa ndipo penye jambo la kupambanua. Mafungu yale laini yakibaki bila kuliwa na kuganda kwenye manyoya, huku vidonge vikavu vya kawaida vikiendelea kutoka, maana yake kwa kawaida ni kwamba sungura anapewa wanga, sukari au protini kupita kiasi, na dawa yake ni nyasi. Lakini vidonge vikavu vikitoweka kabisa na kila kinachotoka kikawa laini au maji, hilo ni tatizo la ugonjwa na linahitaji daktari. Tandika gazeti safi chini ya banda usiku mmoja, kisha asubuhi utajua uko upande gani.

Uchambuzi niliousimulia huendeshwa na nyuzinyuzi ndefu. Ni vipande vigumu vya majani vinavyosukuma utumbo uendelee kutembea; vikikosekana, utumbo hupoa, chakula hukaa mahali pamoja na gesi hujaa. Sungura hawezi kutapika, hivyo alichomeza hakina njia nyingine ila kupita chote. Ndiyo sababu pumba haziwezi kuchukua nafasi ya nyasi hata kama zina nyuzinyuzi, kwa maana zimesagwa laini mno, na chembe zake hurudishwa kwenye sekamu badala ya kusukuma utumbo mbele.

Umri wa sungura wako nao unaongeza hatari. Mama sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika tatu hadi tano hivi, lakini maziwa yake ni mazito mno kwa mafuta na protini. Maziwa hayo, yakiyeyushwa tumboni mwa mtoto, hutoa mafuta yanayozuia bakteria wabaya wasistawi. Mtoto huanza kudokoa majani akiwa na wiki tatu hivi, na katika siku hizohizo huanza kula vinyesi vya mama yake, ambavyo ndivyo vinavyompa bakteria wema wa kuishi ndani ya sekamu yake. Asidi ya tumbo la sungura mzima ni kali kiasi cha kuua karibu kila kijidudu kinachoingia na chakula, lakini ya mtoto bado ni hafifu, na hupanda polepole kadiri anavyoacha kunyonya. Akinyang'anywa mama yake katika wiki ya tano au ya sita, anakuwa amepoteza kinga ya maziwa kabla hajajaliwa kinga ya asidi, na bakteria wake bado hawajatulia. Mimi huwasihi wafugaji wasiuze sungura kabla hajafikisha wiki nane, na nasikitika kwamba wengi huuza mapema kwa kuwa akiwa mdogo anapendeza zaidi.

Halafu mtoto huyo, ambaye pengine kwa mfugaji alikuwa akila nyasi na majani ya mgomba, anafika nyumbani kwenu na siku hiyohiyo anapewa mkate na ugali. Vimeng'enya vyake vya kuyeyusha wanga bado havijakomaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya wanga huo hufika kwenye sekamu bila kumeng'enywa. Kila mama wa Kichaga aliyewahi kutengeneza mbege anajua kwamba uchachu una vipimo vyake, na kwamba ukibadilisha kinachotiwa ndani au kiasi chake, pipa zima huharibika. Sekamu nayo iko vivyo hivyo. Wanga na sukari zikizidi humo, huwastawisha bakteria wabaya wa jamii ya Clostridium, hasa Clostridium spiroforme, ambaye hutoa sumu inayoshambulia utumbo na kumuua sungura mdogo kwa saa chache. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ndicho kilichomuua yule wa kwanza bila mwili wake kupasuliwa na kuchunguzwa, lakini chakula ulichokitaja kinatosha kabisa kuleta mauti ya namna hiyo.

Kuhusu chakula cha kuku nina neno zito zaidi. Vyakula vingi vya vifaranga huchanganywa na dawa za kuzuia koksidia, yaani vijidudu vinavyoshambulia utumbo, na baadhi ya dawa hizo, kama salinomisini na narasini, ni sumu kwa sungura na zimewahi kuua sungura walioletewa chakula kilichochanganywa nazo. Aidha, pumba za mahindi zilizohifadhiwa mahali penye unyevu hupata kuvu wanaotoa sumukuvu, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi mno na sumu hiyo. Kuku anaweza kuzila akaonekana mzima, na sungura akaugua kutokana na gunia lilelile. Kwa hiyo chakula cha kuku kibaki kwa kuku.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, na hapa naomba unisome polepole. Chakula kikuu cha sungura wako kiwe nyasi kavu, zile ambazo wauzaji wengi huziita hei, na ziwepo mbele yake usiku na mchana bila kuisha. Kila siku mwekee rundo linalolingana au kuzidi ukubwa wa mwili wake mwenyewe, na kesho yake ondoa mabaki yaliyokojolewa, uongeze mapya. Usihofu kwamba atavimbiwa kwa nyasi kavu. Hiki ndicho chakula pekee ambacho sungura hawezi kukizidisha hadi kumdhuru. Kutafuna kwa saa nyingi kunamfaa pia kwa meno, kwani meno ya mbele ya sungura hukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka na hayakomi kukua maisha yake yote. Nyasi ngumu ndizo zinazoyasaga, nayo ya nyuma vilevile.

Kwa Moshi hili si jambo gumu. Marobota ya nyasi za Rhodes huuzwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na ukiwa na jirani anayefuga ndani ya zizi, kama wengi wanavyofanya huko mlimani, mwombe akuuzie sehemu ya robota au mnunue kwa kuchangia. Robota moja huwa na uzito wa zaidi ya kilo kumi, na sungura mmoja mdogo anaweza kulila kwa miezi. Nyasi kavu nzuri zina rangi ya kijani iliyofifia, zinanukia vizuri, na ukizipukuta hazitoi vumbi. Zilizogeuka kahawia iliyokolea kwa kunyeshewa, zenye harufu ya uvundo au zenye unga mweupe au mweusi wa kuvu usizinunue hata ukipunguziwa bei. Zihifadhi juu ya ubao au kichanja, ndani ya gunia la katani au kitambaa kinachopitisha hewa. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu na kukuza kuvu.

Ukikosa robota, unaweza kukausha nyasi mwenyewe wakati wa kiangazi. Zikate asubuhi umande ukishakauka, uzitandaze kwa safu nyembamba, uzigeuze mara kwa mara, na usiziweke stoo mpaka zitakapokuwa zinavunjika unapozikunja. Mabingobingo yanafaa pia, hasa majani yake yaliyokomaa kiasi, lakini mashina mazito sungura mdogo hataweza kuyatafuna. Mabua ya mahindi yanayopandishwa kutoka tambarare kwa ajili ya ng'ombe yanaweza kumpa kitu cha kutafuna, ila yasiwe ndiyo chakula chake, kwa kuwa mtoto anayekua hapati humo cha kumtosha.

Nyasi mbichi si mbaya. Ni chakula chake cha asili, na mtoto aliyeyaonja akiwa na mama yake huyapokea vizuri. Tatizo ni kuyapata kwa wingi na kwa ghafla, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, ambapo majani huchipua yakiwa teke, yamejaa maji na nyuzinyuzi zake ni chache. Yakate, uyatandaze kivulini yanyauke kwa saa kadhaa, kisha umpe kidogo juu ya nyasi kavu. Kamwe usimpe majani mabichi yaliyorundikwa mpaka yakapata joto katikati, wala yale yaliyokatwa kwa mashine ya bustani, kwa sababu hayo huanza kuchacha mapema. Chunga pia mahali unapoyakata. Majani ya kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha yana vumbi na moshi wa magari; ya chini ya mibuni yanaweza kuwa yameangukiwa na dawa inayopuliziwa kuzuia chulebuni na kutu ya majani; na ya sehemu wanakojisaidia mbwa hubeba mayai ya minyoo.

Maji mpe leo hii, dada yangu. Imani kwamba maji humuua sungura imeenea kote kwetu, nami nadhani ninajua ilikotoka: sungura anayelishwa majani mabichi tu hupata maji mengi humohumo, hivyo huweza kuishi muda mrefu bila kuwekewa bakuli, na akiharisha kwa sababu nyingine, lawama hubebwa na maji. Ukweli ni kwamba sungura huhitaji takriban mililita 50 hadi 150 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na anayekula nyasi kavu huhitaji zaidi ya anayekula mbichi. Asipoyapata, hupunguza kula, yaliyomo tumboni hukauka na kuganda, na utumbo husimama. Tumia bakuli zito la udongo ambalo hataliangusha, ulioshe kila siku, na uliweke mbali na anapokojoa. Anayeharisha ndiye anayehitaji maji kuliko wote, kwa hiyo kumnyima ni kumwongezea maradhi.

Vidonge vya chakula cha sungura, yaani pelleti, vinafaa kwa mtoto anayekua ikiwa utavipata vipya na vimetengenezwa kwa ajili ya sungura. Soma kibandiko: nyuzinyuzi zikaribie au zizidi asilimia 18. Kwa huyu wako, ambaye bila shaka hajafikisha kilo moja, vijiko viwili vya mezani kwa siku vinatosha, nusu asubuhi na nusu jioni, na uanze kuvitoa baada tu ya kinyesi kurudi hali ya kawaida. Wapo wanaoacha sungura mdogo ale pelleti bila kipimo. Mimi sikubaliani nao kwa sungura wa nyumbani, kwa kuwa akishiba pelleti huacha nyasi. Epuka ile michanganyiko yenye mahindi, mbegu na vipande vya rangi, maana sungura huchagua vitamu na kuacha vyenye faida. Usipopata pelleti, majani makavu ya luseni, ambayo wengine huyaita alfaalfa, yatampa protini na kalisi anazohitaji mpaka afikishe miezi sita. Changanya konzi moja ndogo katika rundo la nyasi zake, siyo zaidi.

Mboga na majani mengine yangoje. Kwanza apitishe wiki nzima akila nyasi kavu na kunywa maji, na vidonge vya kinyesi vikiwa vikavu, vya mviringo na vinavyolingana. Baada ya hapo chagua aina moja tu, umpe kipande kisichozidi kiganja cha binti yako, kisha uangalie kinyesi cha siku inayofuata. Kikibaki vizuri, endelea na aina hiyohiyo kwa siku tatu au nne kabla ya kuongeza nyingine. Kikilainika, ondoa na urudi kwenye nyasi. Ningeanza na matembele yaliyonyaushwa kidogo, au kishonanguo, au mchunga, au majani ya karoti, ambayo yanafaa kuliko karoti yenyewe. Giligilani mbichi pia ni nzuri. Kipande cha jani la mgomba hakina ubaya. Mchicha na spinachi zina oksaleti nyingi, hivyo ziwe za mara chache. Kabichi na koliflawa huwaletea baadhi ya sungura gesi, na kwa mtoto aliyewahi kuharibikiwa tumbo ningeziacha kabisa mpaka awe mkubwa. Matunda, karoti na ndizi mbivu zina sukari. Kabla ya miezi mitatu hana haja nazo, na baada ya hapo kipande kama ukucha wa kidole gumba mara moja au mbili kwa wiki kinatosha.

Lipo kundi la mimea ambalo ningependa binti yako alijue kwa macho, kwa kuwa watoto ndio huchuma majani ya sungura. La kwanza ni parachichi. Nyua nyingi za Moshi zina mparachichi, na mara nyingi banda la sungura huwekwa chini yake kwa ajili ya kivuli. Majani yake, magome, tunda na kokwa vyote vina sumu inayoweza kuuharibu moyo wa sungura, hivyo banda lihamishwe mahali ambapo hata majani yanayoanguka hayalifikii. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya yana sumu pia. Vitunguu na vitunguu saumu huharibu damu. Maharage mabichi hayafai. Kisamvu kibichi hutoa sianidi. Lusina, ambayo mbuzi huila na ambayo wengi hudhani inawafaa wanyama wote, ina mimosini inayomfanya sungura anyonyoke manyoya na kudhoofika. Masale ya mipakani nayo yabaki mipakani, yasiingie bandani.

Ningependa pia kinyesi chake kipimwe. Sababu ni kwamba katika umri huu chanzo kikubwa cha kuharisha, mbali na chakula, ni koksidia, vijidudu vya jamii ya Eimeria vinavyoshambulia utumbo na, kwa aina mojawapo, ini. Hakuna nyasi itakayowaondoa, na kifo cha sungura aliyelala naye banda moja kinanifanya niwashuku. Mayai yao hutoka na kinyesi, lakini hayawezi kuambukiza mpaka yakae siku moja au zaidi mahali penye joto na unyevu. Hapo ndipo usafi unapofanya kazi: ukiondoa kinyesi na matandiko yaliyolowa kila siku, na ukiweka nyasi kwenye kihori badala ya kuzitupa sakafuni, unaukata mzunguko huo kabla haujakamilika. Chukua vidonge vibichi vya asubuhi, uviweke ndani ya kichupa safi chenye kifuniko, umpelekee daktari wa mifugo wa wilaya au wa kliniki binafsi. Kipimo chenyewe ni cha hadubini na hakichukui muda mrefu, na ikibidi sampuli ipelekwe mbali zaidi, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Arusha. Dawa za koksidia zipo na zinasaidia, ila dozi ipimwe kwa uzito wa mnyama.

Kuhusu dawa, nakusihi kwa nguvu zote usimpe amoksilini, ampisilini wala penisilini kwa mdomo, hata kama muuza duka la dawa atakuambia kwamba zimewasaidia mbuzi. Dawa hizo huua bakteria wema wa sekamu na kuwaachia uwanja wale wa Clostridium, na sungura aliyekuwa anaharisha kidogo hufa kwa dawa aliyopewa kumponya. Daktari anazo antibayotiki nyingine ambazo sungura huzihimili. Usimnyweshe majivu, tangawizi, wala maji ya mchele kwa nguvu, kwa sababu akiwa dhaifu hupaliwa na majimaji huingia kwenye mapafu.

Tuseme sasa mambo yametulia. Mpaka afikishe wiki nane, nyasi kavu, maji na pelleti kidogo au luseni vinatosha. Kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili utakuwa unaongeza majani, aina moja baada ya nyingine, na kufikia miezi minne anaweza kula mchanganyiko wa majani manne au matano kila siku, jumla yake ikiwa konzi moja kubwa. Kuanzia miezi sita punguza luseni mpaka uiache, kwa kuwa kalisi ikizidi kwa sungura mzima huleta mchanga na mawe kwenye kibofu, na pelleti zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake. Kila badiliko lichukue siku saba hadi kumi, hata kama ni kuhama tu kutoka robota moja hadi jingine la aina tofauti.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni, siku ileile na saa ileile, na binti yako aandike kwenye daftari. Kazi hiyo itamsaidia pia kuhisi kwamba anamlinda. Sungura wa umri huu anapaswa kuongezeka kila wiki. Akikaa wiki mbili bila kuongezeka, au akipungua, mlete achunguzwe hata kama anaonekana mchangamfu, kwa sababu sungura huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Akikataa chakula kuanzia jioni hadi asubuhi, hiyo ni dharura. Utakapomleta, mweke ndani ya boksi lenye nyasi zake, umpe joto kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa kinene, na uje na kinyesi chake cha mwisho pamoja na kiasi kidogo cha kila chakula alichokula siku hizo mbili tatu.